Niliuziwa "oto" ambayo si oto: malalamiko yangu kuhusu giaboksi ya klachi mbili

Ndugu wanajamvi, habari za wakati huu. Naandika nikiwa na hasira, na naomba mnivumilie, kwa kuwa jambo hili limenila miezi minne pamoja na fedha nilizokuwa nimezitenga kwa ajili ya kupaua nyumba yangu ya Pongwe.

Ninachokilalamikia ni kwamba hapa kwetu Tanga, na sidhani kama mikoa mingine ina nafuu, kila gari lisilokuwa na pedali ya klachi huuzwa kwa jina moja tu la "oto". Muuzaji wa yadi anasema oto, dalali anasema oto, tangazo linasema oto, na fundi wa mtaani analipokea hivyo hivyo bila kuuliza. Kumbe ndani ya jina hilo zimefichwa mashine zisizofanana hata kidogo. Ipo oto tuliyoizoea, yenye toki konveta, ambamo nguvu ya injini hupitia kwenye oili kabla ya kufika kwenye gia, na ndiyo maana unaweza kulisimamisha gari kwenye foleni likiwa kwenye D bila kitu chochote kusagika. Ipo CVT, inayotumia mkanda na puli. Halafu ipo hii ya klachi mbili, ambayo ukiifungua utakuta gia za meno na klachi zilezile za gari la gia za mkono, ila mguu wako wa kushoto umeondolewa na kazi yake imekabidhiwa kompyuta. Klachi moja hushughulikia gia ya 1, ya 3 na ya 5, nyingine ya 2, ya 4 na ya 6, kiasi kwamba gari likiwa kwenye gia ya pili, gia ya tatu huwa imeshapangwa inasubiri, na kubadilisha ni suala la klachi moja kuachia huku nyingine ikishika.

Sina ugomvi na walioibuni. Mfaransa Adolphe Kégresse alishaifikiria katika miaka ya 1930, Porsche wakaiingiza kwenye magari ya mashindano katika miaka ya 1980, na mwaka 2003 Volkswagen wakaanza kuiweka kwenye magari ya kawaida. Ugomvi wangu ni na mtu aliyeniuzia mashine ya namna hiyo bila kunitamkia jina lake. Nilimuuliza kwa kinywa changu, nikiwa nimesimama mbele ya gari huko Dar es Salaam, giaboksi yake ni ya aina gani, naye akanijibu, "Mzee wangu, hiyo ni oto ya kawaida kabisa, unaweka D unaenda zako, hata mama watoto ataendesha." Yadi yenyewe sitaitaja, wala gari lenyewe, kwa sababu sitaki uzi huu ugeuke kuwa mashabiki wa gari fulani dhidi ya mashabiki wa gari jingine.

Kwa haki ya Mungu, siku za mwanzo nililifurahia. Kutoka Muheza hadi Segera lilikuwa likibadilisha gia bila mtikisiko wowote, nikikanyaga linaitika papo hapo, na mafuta lilikuwa likinywa kwa adabu. Lakini mke wangu ni mwuguzi Lushoto, na kila Ijumaa safari yangu inaishia kwenye ule mlima wa Mombo. Wanaoufahamu wanajua kwamba ni kilomita 33 hivi za kona na kupanda, upande mmoja jabali na upande mwingine korongo, na ukikutana na lori mbele yako huna ujanja ila kulifuata kwa mwendo litakaoutaka lenyewe.

Ijumaa hiyo, kabla ya kufika Soni, tulikuwa nyuma ya Canter iliyoshona shehena hadi juu, ikitambaa, ikisimama, ikitambaa tena. Mimi nilifanya nilichokuwa nikikifanya miaka yote katika oto yangu ya zamani: sikukanyaga breki, nililishikilia gari mlimani kwa kugusa mafuta kidogo kidogo. Baada ya muda gari likaanza kutetemeka kila linapoondoka, kama mtu aliyepigwa na homa, kisha ikaja harufu ambayo kwanza nilidhani ni ya breki za Canter, harufu ya kitambaa kilichosahauliwa chini ya pasi. Taa ya gia ikawaka. Nikakanyaga mafuta, injini ikanguruma, gari halikwenda mbele. Likaanza kurudi nyuma. Kijana mmoja aliyekuwa akiuza matunda pembeni ya barabara alikimbia na jiwe akalisukumiza nyuma ya tairi, na hadi leo sijapata nafasi ya kumshukuru ipasavyo. Ile Canter, ambayo ni ya gia za mkono na bila shaka ina umri mkubwa kuliko kijana yule, ilipanda taratibu ikapotea kwenye kona.

Sasa najua kilichotokea. Klachi za gari langu ni za aina kavu, yaani hazimo ndani ya oili, na kulishikilia gari mlimani kwa mafuta ni sawa na dereva wa gia za mkono kukaa na klachi nusu kwa dakika kumi mfululizo. Atakuja mtu hapa kuniambia kwamba kosa ni langu. Nakubali, mguu ulikuwa wangu. Lakini mtu aliyeambiwa "oto ya kawaida" ataliendesha kama oto ya kawaida, na dereva yeyote wa Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo cha gia za mkono, angejua tangu siku ya kwanza kwamba hapo anachoma klachi, kwa sababu ana pedali inayomwambia.

Kilichonichukiza zaidi ni gereji. Fundi wa kwanza, wa hapa Ngamiani, alipoambiwa ni oto alimwaga oili ya giaboksi akatia ya oto za kawaida, akanitoza fedha yake, akaniambia, "Kaka, itakaa sawa ikishazunguka." Klachi zenyewe hazigusani na oili hiyo, kwa hiyo alichotibu sikijui, na aliyefuata ilimbidi aimwage yote atie inayostahili. Wa pili alishauri tununue giaboksi nzima iliyotumika, ambayo nayo hakuna ajuaye ilitoka kwenye mlima gani. Wa tatu, huko Dar es Salaam, ndiye aliyeishusha mbele yangu. Alipoikung'uta ilimwaga unga mweusi kiganjani mwake, laini kama wanja, akaninyooshea mkono na kusema, "Klachi yako ndiyo hii, mzee." Alinieleza kwamba kuzifunga klachi mpya kunahitaji vifaa maalumu vya kupimia nafasi, na baada ya hapo kompyuta lazima ifundishwe upya klachi inashika wapi, la sivyo gari litatetemeka vilevile hata kama kila spea ni mpya. Jumla, milioni tatu na laki sita.

Wiki hiyohiyo jirani yangu wa Chumbageni alibadilisha klachi ya Kirikuu yake chini ya mwembe: pleti, presha na beringi. Fundi alianza baada ya chai, na adhuhuri ilipoadhiniwa gari lilikuwa limeshawaka. Gharama yote haikufika laki tatu.

Kwa hiyo kwa anayechagua sasa hivi, nasema bila kumung'unya maneno: kama njia zako ni za Lushoto, au hukai karibu na fundi anayeijua mashine hii kwa vitendo, chukua gari la gia za mkono, hata kama itakubidi ulitafute miezi sita, maana magari mengi yatokayo Japani siku hizi hayana pedali ya tatu. Kama umeipenda klachi mbili, na nimekiri kwamba kwenye lami iliyonyooka ni tamu, basi ulizia ile ambayo klachi zake zinaogelea ndani ya oili, kwa kuwa joto lina pa kukimbilia. Lakini nayo inadai kubadilishwa oili kwa wakati, nyingi zikiwa kwenye kilomita 60,000 hivi, na gari lililokwisha kutumika huwezi kujua kama mwenye nalo wa kwanza alifanya hivyo. Na ukiwa mlimani, shikilia gari kwa breki, acha nafasi, lori likienda ndipo uondoke mara moja.

Nilimtumia yule muuzaji picha ya ule unga. Baada ya siku mbili alinijibu kwa ujumbe wa sauti, kwa upole kabisa, kwamba huenda nimekosea gari, kwani oto haina klachi.

Nataka wauzaji waliomo humu wanieleze ni kipi kigumu katika kuandika kwenye tangazo aina ya giaboksi, ilhali rangi ya viti mnaiandika. Na mwenye gari dogo la gia za mkono analoliuza, lenye hali nzuri, anitumie ujumbe. Nitalifuata popote lilipo, ila kabla ya kulipa tutakwenda nalo Mombo.