Habu moja, bei tatu: tunaponunua vipuri vya magari hapa Mtwara tufanyeje?

Mama wa Chuno:

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, naomba ushauri kuhusu jambo ambalo limenikera kwa wiki mbili sasa, na ambalo naamini limewakuta wengi wenye magari huku Kusini.

Nina Toyota IST ninayoitumia kila siku kati ya Chuno na Mikindani. Mwezi uliopita gurudumu la nyuma upande wa kushoto lilianza kuvuma, na mvumo huo ulikuwa ukipanda kadiri mwendo wa gari ulivyopanda. Fundi aliinyanyua gari kwa jeki, akalizungusha gurudumu kwa mkono mmoja huku kiganja cha pili amekiweka juu ya springi ili asikie mtetemo, kisha akaniambia kwamba beringi imekwisha na kwamba kwa gari hili beringi ya nyuma hununuliwa pamoja na habu yake nzima, yaani kile kitovu ambacho gurudumu hufungwa. Nilimwamini, na hadi leo sina shaka na alichokigundua.

Tulikwenda dukani pamoja. Muuzaji hakuniuliza namba ya chesisi wala mwaka wa gari. Alimtazama fundi, fundi akamtazama yeye, kisha ikatajwa shilingi 130,000. Nikaomba anipunguzie, akashuka hadi 120,000 na kusema kwamba hapo ndipo mwisho wake. Nikiwa bado nahesabu fedha, aliingia kijana ambaye ni dhahiri walikuwa wakifahamiana, akaulizia habu ya nyuma ya IST, akaletewa boksi la rangi ileile lenye maandishi yaleyale na lililotoka rafu ileile, akatajiwa 85,000. Nilipouliza sababu, niliambiwa kwamba ile ni ya kawaida na yangu ni orijino. Jioni nilimpigia ndugu yangu aliyeko Dar es Salaam, akaniulizia kwenye maduka ya vipuri ya mtaa wa Gerezani, akatajiwa 70,000.

Hilo la bei ningelimeza. Lililonishinda ni kwamba baada ya habu kufungwa mvumo uliisha, lakini taa ya ABS, yaani mfumo unaozuia magurudumu kujifunga wakati wa kupiga breki, ikawaka kwenye dashibodi na haikuzimika tena. Nilimtaka fundi afungue upya nikiwa nimesimama pale pale. Habu ya zamani ina soketi ndogo nyeusi mgongoni, ambamo waya wa ABS huchomekwa; habu mpya mgongo wake ni bapa kama sahani, hauna soketi yoyote, na ule waya ulikuwa umefungwa kwa kamba ya plastiki kwenye ekseli ili usining'inie. Hakuna aliyeniambia. Nilirudi dukani nikajibiwa kwamba mali ikishafungwa hairudishwi, nikaonyeshwa maneno hayo yaliyochapwa chini ya karatasi niliyopewa siku ya kununua, karatasi ambayo hata risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi, haikuwa.

Naomba kujua mambo haya. Mtu asiye fundi atajuaje bei ya haki kabla hajatoa fedha? Je, duka lina haki ya kukataa kupokea kitu ambacho si cha gari langu ilhali ndilo lililonichagulia? Na kwa nini maduka yetu hayabandiki bei kwenye rafu, kama maduka ya dawa na ya vyakula mengi yanavyofanya siku hizi?

Fundi wa Mkanaredi:

Dada yangu, pole sana. Mimi ni fundi wa magari kwa miaka mingi na nitakueleza ukweli hata kama wenzangu hawataupenda.

Ile namna ya kutazamana uliyoiona ina jina, inaitwa cha juu. Fundi akimleta mteja, muuzaji huongeza kiasi fulani kwenye bei, na jioni fundi hupita kuchukua fungu lake. Desturi hii imeota mizizi kwa sababu wateja wengi huku hupenda kulipa ufundi kidogo mno. Mtu atakubali kununua habu kwa 120,000 bila kugombana sana, lakini ukimwambia kuifunga ni 20,000 atakwambia ni boliti nne tu, atakupa 7,000. Basi fundi anajilipa dukani. Sisemi kwamba ni halali, maana mteja anapaswa kujua analipia nini. Nasema ndiyo sababu inayofanya bei yako na ya yule kijana zitofautiane kwa 35,000. Patana na fundi gharama ya kazi kwanza, ilipe kwa ukamilifu, kisha mwambie waziwazi kwamba kipuri utanunua mwenyewe. Fundi mwaminifu hatachukia.

Kuhusu kupata kipuri kilicho sahihi, usiende dukani na jina la gari pekee. IST ziko za aina zaidi ya moja: NCP60 ina injini ya cc 1300, NCP61 ina injini ya cc 1500, na NCP65 ni ile inayovuta magurudumu yote manne, ambayo sehemu zake za nyuma ni tofauti kabisa na za hizo mbili za kwanza. Herufi na tarakimu hizo zimo mwanzoni mwa namba ya chesisi, nayo utaikuta kwenye kadi ya gari na kwenye kibao kilichobandikwa ndani ya boneti. Piga picha kibao hicho ukae nayo kwenye simu. Vipuri vya Toyota vyenyewe vina namba ya tarakimu kumi yenye kistari katikati, na tano za mwanzo hutaja ni kitu gani: 04465 ni pedi za breki za mbele, 04495 ni viatu vya breki za nyuma. Ukiwa na namba kamili, unaweza kuuliza bei kwa simu kwenye maduka matano, la Masasi na la Kariakoo yakiwemo, na wote watakuwa wanazungumzia kitu kimoja.

Jambo la mwisho ni zito zaidi, nalo linamhusu fundi wako kuliko duka. Fundi anayeona soketi haipo akaufunga waya kwa kamba na kunyamaza amekukosea vibaya. Breki zako za kawaida bado zinafanya kazi, lakini ukikanyaga kwa nguvu ghafla, hasa barabara ikiwa imelowa, magurudumu yanaweza kujifunga na gari likateleza. Habu isiyo na soketi ilitakiwa irudishwe dukani kabla hata boliti ya kwanza haijakazwa. Weka ya zamani na mpya juu ya meza, zigeuze mgongo, hesabu matundu ya boliti, angalia soketi. Dakika mbili zinatosha.

Muuza Spea, Lindi Mjini:

Naomba na mimi nisikike, kwa kuwa niko upande wa pili wa kaunta.

Sitamtetea mwenzangu kwa bei mbili za boksi moja mbele ya mteja mmoja, kwani hilo ni kumvunjia mtu heshima. Hata hivyo, bei ya Gerezani haiwezi kuwa bei ya Lindi au Mtwara. Mzigo wangu hununuliwa Dar es Salaam na kuletwa kwa basi au lori kwa zaidi ya kilomita 450, na kwa Mtwara ni zaidi ya 550. Gerezani duka linaweza kuuza habu za IST kadhaa kwa siku; mimi naweza kukaa na mbili rafuni miezi minne, fedha yangu imelala humo, pango linalipwa na leseni inalipwa. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ilipokatika maeneo ya Somanga, mizigo yetu ilikwama, na aliyekuwa na akiba dukani ndiye aliyeuza. Msimu wa korosho nao una yake: wakulima wakilipwa, pikipiki na magari yote yaliyokuwa yamepumzishwa hufufuliwa kwa pamoja, vipuri huisha haraka, na anayeagiza kwa dharura hulipia usafiri zaidi.

Kwa nini sibandiki bei? Nimewahi kujaribu. Vipuri vingi huagizwa kutoka nje kwa dola, na shilingi ikiyumba mzigo unaofuata huja na bei nyingine, hivyo nikawa nabandua na kubandika kila mara. Lakini nakiri kwamba hiyo si sababu nzima. Sababu nyingine ni kwamba mteja wa huku anataka kupatana, na ukimwandikia bei ya mwisho anaona umemnyima nafasi yake. Nimeanza kufanya jambo la katikati: nina daftari kaunta lenye bei za vitu mia moja vinavyotoka sana, yaani pedi, plagi, chujio za oili, bushi na shokapu, na yeyote akiuliza namgeuzia alisome mwenyewe.

Kuhusu kurudisha, tafadhali mtuelewe kwa vitu vya umeme. Mtu hununua alternata au sensa, fundi anaunganisha waya vibaya, inaungua, kisha inarudishwa ikiwa imefutwa vizuri kwa petroli na kuambiwa kwamba ilikuwa mbovu tangu mwanzo. Ndiyo maana maneno yale yanachapwa kwenye karatasi. Habu ya dada huyu haimo kwenye kundi hilo. Muuzaji ndiye aliyechagua, hakuuliza kama gari lina ABS, na angenijia mimi ningebadilisha.

Dereva wa Masasi:

Niliwahi kuchoka kama wewe nikaamua kuagiza kila kitu Kariakoo kwa simu. Shokapu mbili za mbele zilinifikia baada ya siku mbili, zote mbili za upande wa kulia. Nililipa kuzirudisha, nikalipa kuletewa nyingine, gari likakaa siku sita bila kazi, na kila siku nilikuwa naandika hasara. Tangu hapo nanunua Masasi kwa muuzaji mmoja ninayemjua, namlipa zaidi kidogo, na kwa kila kitu cha fedha nyingi anaandika kwenye risiti jina la kipuri, namba yake, na kwamba kisipoingia kitarudi ndani ya siku tatu. Mwambie muuzaji aandike kabla hujalipa, kwa sababu baada ya kulipa hataandika.

Mdau wa Ligula:

Dada, maneno "mali ikishafungwa hairudishwi" hayana nguvu ambayo wauzaji wanadhani yanayo. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, na pale mnunuzi anapomweleza muuzaji kazi ya bidhaa na kutegemea ujuzi wake, bidhaa iifae kazi hiyo. Wewe uliomba habu ya nyuma ya IST, muuzaji ndiye aliyeingia rafuni. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, na kuita orijino kitu ambacho si orijino ni upotoshaji. Tume ya Ushindani, yaani FCC, ndiyo inayoshughulikia hayo pamoja na bidhaa bandia.

Udhaifu wako uko kwenye ile karatasi. Muuzaji anawajibika kutoa risiti ya EFD, na mnunuzi naye anawajibika kuidai na kuwa nayo, kwa hiyo siku nyingine usiondoke bila hiyo. Risiti halali ina namba ya uhakiki na alama ya QR, na unaweza kuihakiki papo hapo kwa simu kwenye tovuti ya TRA. Hiyo ndiyo inayothibitisha ulinunua nini, wapi, lini na kwa kiasi gani. Nenda dukani tena bila hasira, uwe na habu zote mbili na boksi, omba risiti ya EFD ya mauzo yale, kisha omba kubadilishiwa. Mara nyingi mazungumzo huwa laini zaidi risiti inapotajwa.

Mama wa Chuno:

Nawashukuru nyote, hasa Fundi wa Mkanaredi kwa kusema lisilosemwa, na Muuza Spea kwa kutokasirika.

Nimekwenda jana asubuhi kabla duka halijapata watu. Niliziweka habu mbili kwenye kaunta, zote zimegeuzwa mgongo, nikamwomba muuzaji anionyeshe mahali waya wa gari langu ungechomekwa kwenye ile aliyoniuzia. Alizitazama kwa muda, akasema kwamba ile ni ya Vitz isiyo na ABS. Nilimwonyesha picha ya kibao cha chesisi, nikataja risiti. Alinyamaza, akaingia ndani, akatoka na boksi jingine lenye soketi, na risiti ya EFD ikachapwa. Fedha ya ziada niliyolipa hakuirudisha, akisema kwamba sehemu yake ilikwisha kwenda kwa fundi, na kwa kusema hivyo alithibitisha mwenyewe habari ya cha juu.

Habu imefungwa na fundi mwingine kwa shilingi 20,000, ambazo tulipatana kabla hajashika spana. Taa ya ABS imezimika. Kwa yule fundi wa kwanza nitakwenda Jumamosi, maana ameitengeneza gari hii kwa miaka minne na nataka anieleze mwenyewe kuhusu ule waya.