Tupeane uzoefu: kununua kwenye simu na kushindwa kuacha

Assalaam aleikum na salamu kwenu nyote. Naomba tuzungumzie jambo ambalo hapa Mombasa watu hulificha kuliko deni lenyewe. Dada yangu anaishi Kisauni, na kabati lake limejaa mabuibui ambayo hayajatolewa hata kwenye karatasi zake. Nilidhani anapenda nguo. Nimekaa naye nikaona sivyo: mzigo ukifika hautazami tena. Anachokitaka ni zile dakika kabla ya kulipa na zile siku za kungoja. Ndiyo maana kumwambia "una nguo tele" hakumfai kitu.

Zamani ukitaka kitambaa ulishuka Biashara Street, ukatembea juani, ukapatana bei na mtu anayemjua mpaka mamako. Kila hatua ilikupa nafasi ya kughairi. M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 pesa zikahamia kwenye simu, kisha duka nalo likaingia humo humo. Saa nane za usiku hakuna anayekuona. Wenye uzoefu naomba mseme. Matusi sitaki.

Mama wa Majengo
Dadangu, mimi nimeyapitia. Mume wangu ni baharia, hukaa miezi hayupo. Watoto wakishalala nafungua simu, naingia kwenye mauzo ya laivu. Yule muuzaji ananitaja kwa jina, ananikaribisha, ananiambia imebaki moja. Wallahi kwa siku nzima hakuna mtu mzima mwengine aliyenitaja jina. Nikilipa kifua kinafunguka. Asubuhi naona aibu, na usiku aibu hiyo hiyo ndiyo inanirudisha.

Nilikuwa naweka pesa za chama chetu cha kuchangiana kwa zamu, nikazigusa. Mikopo ya simu ilikuwa imejaa, basi nikauza bangili zangu nizirudishe kabla ya zamu ya mwenzangu. Kilichonisaidia ni kuitoa laini ya pesa kwenye simu kubwa na kuitia kwenye kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, nikampa mamangu aishike. Nikitaka kulipa kitu lazima nivae, nitoke, nende kwake Tudor, nimwambie ni cha nini. Mara nyingi hata sifiki mlangoni.

Boda, Bamburi
Kazi yangu ni kupeleka mizigo. Msidhani ni kina mama pekee. Kuna wanaume naambiwa nisubiri nje ya geti, nisipige honi, mke asisikie. Viatu, saa, spika. Mwengine anapokea hauulizi hata ni nini, autupa nyuma ya gari juu ya ile mengine.

Muuzaji, Mji wa Kale
Mimi niko upande wa pili wa hiyo simu, na naomba nisikizwe. Nauza abaya laivu, ndiyo riziki yangu na ya wanangu. Kulikuwa na mteja hakosi usiku hata mmoja, anachukua chochote ninachokishika. Nikampigia simu: "Mwanangu, leo sikuuzii." Alikasirika, akaenda kwa mwengine. Bado naona nilifanya sawa. Sisi wauzaji twawajua wateja wa namna hii, na kila mmoja wetu aulizwe anafanya nini akiwajua.

Mzee wa Mwembe Tayari
Huu ni israfu tu, na dini imeshaikataza. Siku hizi kila tabia mwaiita ugonjwa.

Muuguzi, Port Reitz
Shikamoo mzee. Israfu ipo, sikatai. Lakini hili si jambo la siku hizi: Emil Kraepelin, daktari wa akili wa Ujerumani, alilieleza mwanzoni mwa karne ya 20, kabla ya intaneti kuwazwa. Wataalamu bado wanabishana walipange wapi. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022, inahesabu kamari na michezo ya video kuwa uraibu, ila kununua hakukupewa kifungu chake. Ninaowaona mimi mara nyingi wana huzuni nzito au wasiwasi chini yake. Ukitibu huzuni hiyo na kumpa mshauri wa kuzungumza naye, mkono nao hupungua kasi. Ukimkemea huendelea kwa siri.

Kijana wa Changamwe
Anachosema muuguzi nimekiishi. Mimi nilikuwa wa kamari, ule mchezo wa simu wa ndege inayopaa. Nikafuta programu, nyumbani wakashukuru. Haukupita muda nikawa naagiza raba, jozi juu ya jozi, na moyo unadunda vile vile nikibonyeza. Nilikuwa nimehama chumba, nyumba ni ile ile. Sasa naangalia saa ambayo hamu inanijia: ni nikitoka kazini kabla ya kufika nyumbani. Saa hiyo natembea na ndugu yangu, simu anabeba yeye.

Mwenye mada
Mama wa Majengo, ahsante sana. Nimwanzeje dadangu? Nikigusia tu anafunga mlango.

Mama wa Majengo
Usimwanze mbele ya watu wala mbele ya hayo mabuibui. Nenda usiku, saa zile anazoshika simu, ukae naye tu. Hesabu ya madeni usiiulize siku ya kwanza. Akikwambia mwenyewe, usishtuke usoni, kisha muandike pamoja anadaiwa na nani, muanze na lile la chama. Akitaka mtu wa kuongea naye niandikie faraghani, nitampigia mimi.