Naomba ushauri: familia yetu inataka kulima matunda na mboga zisizozoeleka, tuanze na lipi?

Mleta mada

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Familia yetu ina shamba la ekari moja na nusu ambalo miaka yote limelimwa mazao yaleyale yanayolimwa na majirani wote, kwa hiyo siku za mavuno sote hujikuta sokoni na bidhaa moja, na mnunuzi ndiye anayepanga bei. Tumekubaliana kuitenga sehemu ya shamba kwa mazao yasiyozoeleka. Orodha yetu ina pitaya (tunda ambalo wengi huliita “dragon fruit”), shokishoki, stafeli, karambola (lile tunda ambalo ukilikata hutoa umbo la nyota), kiwano (tunda la jamii ya matango lenye miiba kwenye ganda), fizalisi (tunda dogo la jamii ya nyanya) na karoti za zambarau. Hali ya hewa ni ya joto, maji yapo mwaka mzima, na udongo ni tifutifu usiotuamisha maji. Wafanyakazi ni sisi wenyewe, watu wazima wanne.

Naomba kujua tuanze na lipi, na miche tuipateje. Mama mkwe amekwisha kukusanya mbegu za shokishoki kutoka katika matunda tuliyokula, na anazianika ili tuzipande mvua zitakapoanza.

Mwenye Kitalu

Mleta mada, nianze na hizo mbegu kwa sababu hazisubiri. Mbegu ya shokishoki haivumilii kukaushwa. Ikianikwa hufa, na haitaota hata ukiimwagilia kwa uangalifu wote. Hutakiwa kuoshwa utelezi na kupandwa ndani ya siku chache tangu itoke kwenye tunda. Fenesi, doriani na mangostini nazo zina tabia hiyohiyo, tofauti na mbegu za nyanya au maboga ambazo ukizikausha vizuri hudumu miaka kadhaa.

Hata hivyo, mkiwahi kuzipanda zikiwa mbichi bado nisingeshauri kuzitegemea. Takriban nusu ya mishokishoki inayotokana na mbegu hutoka madume, ambayo huchanua vizuri lakini haizai kamwe, na hakuna namna ya kuitambua kwa macho kabla haijachanua, jambo linalochukua miaka mitano au zaidi. Kwa familia yenye ekari moja na nusu, kulisha mti kwa miaka yote hiyo kisha kuukata ni hasara kubwa. Nunueni miche iliyobebeshwa, yaani iliyounganishwa na kikonyo (kijitawi) kilichotoka katika mti unaojulikana kuwa unazaa. Mche huo huanza kuzaa ndani ya miaka miwili au mitatu, na tabia ya tunda lake inajulikana tangu siku ya kuupanda.

Kwa pitaya habari ni nzuri zaidi, maana ni mmea wa jamii ya dungusi unaooteshwa kwa kipande cha shina. Kikate, kiache kivulini siku kadhaa hadi jeraha likauke, ndipo ukipande. Swali la kumuuliza anayekuuzia ni moja: je, aina hii hujichavusha yenyewe? Aina nyingi, hasa zenye nyama nyekundu, hazikubali chavua yake yenyewe, na mtu anaweza kuwa na safu nzima ya mimea iliyotokana na shina moja, ikachanua maua makubwa ya kupendeza kila msimu, na asipate tunda. Pandeni angalau aina mbili zisizo na asili moja.

Jembe la Alfajiri

Nakubaliana na Mwenye Kitalu, ila naongeza suala la nguvukazi, kwa sababu watu wengi huhesabu gharama ya miche na kusahau saa za kazi. Ua la pitaya hufunguka jioni na kusinyaa asubuhi inayofuata. Mahali ambapo popo na nondo hawafanyi kazi hiyo, mtu wa familia atalazimika kupita usiku na brashi akihamisha chavua kutoka aina moja kwenda nyingine. Likishachavushwa, tunda huiva kwa mwezi mmoja hadi mwezi na nusu, na ni lazima liachwe liive juu ya mmea, kwa kuwa halizidi utamu baada ya kuchumwa.

Stafeli nalo lina lake. Ua lake huwa tayari kupokea chavua kabla halijatoa chavua yake lenyewe, na wachavushaji wake ni mbawakawa wadogo ambao hawapatikani kila shamba. Mkiona mastafeli yamepinda, upande mmoja umejaa na mwingine umebonyea, msikimbilie kulaumu mbolea. Upande uliobonyea ni ule ambao haukuchavushwa. Kwa hiyo mkipanda pitaya na mastafeli kwa pamoja, jiulizeni ni nani kati ya wanne hao yuko tayari kwa kazi ya usiku na ya alfajiri wakati maua yanapofululiza.

Na nguzo za pitaya ziwe imara. Mmea mzima ni mzito sana, na mti laini ukioza chini yake huanguka na kila kitu.

Kapu Kubwa

Kwa heshima kwa waliotangulia, mimi naona mazungumzo yote yako shambani wakati tatizo la mleta mada alilieleza mwenyewe: liko sokoni. Kitu ambacho hakuna anayekijua hakina mnunuzi hadi mtu akionje. Ningeanza na zao moja au mawili ya muda mfupi, nikapata wanunuzi wa kudumu, ndipo nikapanda miti.

Fizalisi inafaa sana kwa hilo. Huzaa miezi mitatu hadi minne baada ya kuhamishwa kutoka kitaluni, na tunda lake hukua ndani ya ganda jembamba kama taa ya karatasi. Likiiva hudondoka lenyewe, na likihifadhiwa pakavu ndani ya ganda lake hukaa wiki nyingi, kwa hiyo usipouza leo hujapoteza. Yaokoteni yaliyoiva tu, kwani mabichi yana sumu. Kiwano nalo hudumu muda mrefu bila jokofu. Kwa kweli baridi kali huliharibu.

Karoti za zambarau zinahitaji maelezo kwa mlaji. Rangi yake huyeyuka katika maji, na mtu asiyejua akizitia kwenye supu itageuka rangi, kisha atadhani ameuziwa kitu kibovu. Mwambieni azile mbichi au azioke. Mnaweza pia kumweleza kwamba karoti za zambarau na za njano zililimwa Asia ya Kati kabla zile za rangi ya machungwa hazijaenea. Watu hupenda kununua kitu chenye historia.

Mpishi wa Zamu

Mimi sina shamba, ila nitasema lile ambalo muuzaji wa matunda mageni anawajibika kulisema. Karambola ni hatari kwa mtu mwenye ugonjwa wa figo. Lina sumu ambayo figo nzima huitoa, lakini figo dhaifu hushindwa, na matokeo yake huanzia kwikwi isiyokoma hadi degedege na kifo. Watafiti wa Brazili waliitambua sumu hiyo mwaka 2013 na kuiita karamboksini. Kama mtalipanda, onyo hilo liambatane na kila tunda mnalouza. Mimi ningeliondoa katika orodha.

Mleta mada

Nawashukuru nyote. Karambola tumeliondoa, na mama mkwe amekubali kwamba mbegu zile ziende kwenye mboji. Limebaki swali moja: tukisubiri miti, ardhi iliyo katikati tuifanyie nini? Nilifikiria pia maboga ya maumbo ya ajabu, kwa kutumia mbegu za mavuno yetu wenyewe.

Mwenye Kitalu

Ardhi ya katikati ndiyo mahali pa fizalisi, kiwano na karoti kwa miaka ya mwanzo, kabla vivuli havijakutana. Acheni nafasi ya hatua moja kuzunguka kila mche, iwekwe matandazo tu. Mizizi ya pitaya iko juujuu, kwa hiyo karibu na nguzo palizi ifanywe kwa mkono, si kwa jembe.

Kuhusu maboga, muwe waangalifu. Maboga ya kuliwa na yale ya mapambo yakiwa ya spishi moja huchanganywa na nyuki, na tunda la msimu huo halionyeshi kitu. Ni mbegu zake zinazobeba mchanganyiko, na msimu unaofuata mnaweza kuvuna boga zuri kwa sura lakini chungu, lenye sumu isiyoondolewa kwa kupikwa. Mwaka 2015 nchini Ujerumani mtu mmoja alifariki baada ya kula zukini (aina ya boga dogo refu) chungu zilizooteshwa bustanini. Msipande ya mapambo kabisa, au nunueni mbegu mpya kila msimu. Na kabla ya kupika boga lolote lililotokana na mbegu mlizojitunzia, gusisheni kipande kibichi kwenye ncha ya ulimi. Kikiwa kichungu, kitemeni na boga zima litupwe.