Wakuu, samaki aina ya bass ana madoa meusi kama kamwagiwa wino. Analika?

Mvuvi wa Baridi: Habari wakuu. Niko Burlington, jimbo la Vermont, Marekani. Nimetoka ziwani Champlain na bass wanne wa mdomo mdogo, wawili wana mabaka meusi tii, ubavuni mpaka mdomoni. Nimesugua kwa ndimu na chumvi, wapi! Ila alikuwa mzima, mshipi kauvuta kweli kweli. Naombeni ushauri.

Mzee Kambare: Tupa. Mimi 2009 nililazimisha pweza mwenye harufu, siku tatu sikutoka chooni.

Mtoto wa Naivasha: Kwetu bass waliletwa kutoka Marekani 1929 na tunawala mpaka leo. Kaanga, songa ugali, tuma picha.

Dada Maabara: Yameinuka kama punje za mchanga, au yamelala bapa? Vidoa vilivyoinuka ni viluwiluwi vya minyoo ndani ya ngozi. Mabaka bapa ni melanini (rangi nyeusi ya ngozi) iliyozidi. Kwenye mito ya Potomac na Susquehanna yapo pia, na watafiti wa USGS (shirika la serikali ya Marekani la utafiti wa jiolojia) wameyahusisha na virusi viitwavyo adomavirusi. Huonekana zaidi kwa samaki wakubwa maji yakiwa baridi, joto likipanda hufifia. Hakuna ushahidi kwamba humpata binadamu. Umewavua lini?

Mvuvi wa Baridi: Bapa. Asante dada, nimepumua.

Dada Maabara: Lini?

Mvuvi wa Baridi: Juzi.

Dada Maabara: Juzi ni Mei. Vermont bass habebwi mpaka Jumamosi ya pili ya Juni. Kabla ya hapo unavua, unamrudisha majini.

Mvuvi wa Baridi: Niliuliza madoa, sikuuliza sheria. Leseni ninayo. Halafu namrudishaje? Mama mkwe katoka Mwanza, mmoja kashamla jana, kichwa kakinyonya mwenyewe. Watatu wako kwenye friza na Jumamosi nina wageni.

Mchungaji Mstaafu: Kwa hiyo umemlisha mkweo kwanza, ndipo ukaja kuuliza kama analika?

Mvuvi wa Baridi: Alikuwa na njaa, mchungaji.

Kijiwe Namba Moja: Chai hii. Mara "nimetoka ziwani", mara juzi, mara mkwe kala jana. Na mwezi wa tatu ulifungua uzi unauliza bei ya bodaboda Mwanza!

Mvuvi wa Baridi: Nilimuulizia shemeji yangu.

Kijiwe Namba Moja: Weka picha basi.

Mvuvi wa Baridi: Ngozi nimeshawabandua wote.

Mzee Kambare: 😂😂 Hata tangawizi hukuweka.

Dada Maabara: Basi sawa. Ukikutana na mwingine, mpige picha, mrudishe, uwatumie watu wa samaki na wanyamapori wa jimbo. Hao wa friza siwasemei.

Mtoto wa Naivasha: Mkwe anaendeleaje?

Mvuvi wa Baridi: Anauliza kama wamebaki.

Mzee Kambare: Kwani bodaboda Mwanza sasa hivi bei gani?

Mvuvi wa Baridi: Njoo PM mzee, shemeji anauza yake.