Naomba ushauri: nimefikia kwa familia ya Kithai, mama ananipakulia kitimoto

Wakuu, habari za saa hizi. Mimi mtoto wa Tanga, Muislamu, nipo Chiang Mai kaskazini mwa Thailand kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi. Hii wiki ya pili. Familia niliyofikia ni watu wema mno, na hapo ndipo shida yangu ilipo.

Mama mwenye nyumba hatulii mpaka aone sahani yangu imejaa. Jana kaleta khao niao, ule wali wa kunata unaokaa kwenye kikapu kidogo cha mianzi. Unamega tonge kwa mkono, unachovya kwenye pilipili ya kutwanga. Nikajiona niko kwetu kabisa! Mara akanitilia laab, nyama iliyokatwakatwa na majani ya mnanaa. Kumbe nguruwe. Kithai changu kinaishia "mai phet", yaani isiwe kali. Nikasingizia tumbo. Usiku akaniletea uji wa mchele, nao una vinofu vya kitimoto kilekile.

Khao soi ya kuku, zile tambi za mchuzi wa nazi, naimaliza mpaka mchuzi, kwa hiyo si kwamba nachagua chakula.

Mliowahi kuishi huku, namwambiaje bila kumvunja moyo? Nimtume binti yake, au niseme mwenyewe?

Halafu Songkran, mwaka mpya wa Kithai, inaanza Aprili 13. Nasikia vijana huwamwagia wazee maji ya manukato mikononi kuomba baraka. Mgeni anaruhusiwa, au nisubiri kuitwa? Juzi nilianza mimi kumsalimia mtoto wa miaka sita kwa kuunganisha viganja, kumbe mdogo ndiye huanza, nyumba nzima ikaangua kicheko.