Ushauri: kijana wa miaka 15 presha inacheza, aanze dawa?

Kimyakimya: Wakuu habari za muda huu, naombeni ushauri nisije nikaharibu. Nina kijana wa miaka 15, jana usiku nimempima presha ikaja 136 kwa 84, juzi 132, mapigo mia na kitu na hapo kalala tu. Nimesoma kwamba kijana akikaa na huzuni muda mrefu moyo unakuja kumsumbua ukubwani, tangu hapo silali. Swali ni moja, dawa za presha anaweza kuanza umri huu?

Mama Wawili: Simu hizo. Mpokonye wiki mbili uone. Wangu nilimpokonya nikaiweka chini ya godoro langu, ikawa inaita usiku kucha mimi ndo silali, ila alibadilika.

Bishoo Mstaafu: 136 mbona kidogo, mi nasoma 160 na ngazi napanda mbili mbili 😂

Nesi wa Zamu: Bishoo kapime tena, sio sifa hiyo. Kuanzia miaka 13, 130 kwa 80 kwenda juu tunasema imepanda, ila kwa vipimo vya siku tofauti, awe amekaa ametulia dakika tano, haongei, na mkanda uwe saizi ya mkono wake, mdogo unaongeza namba. Mleta mada unampima saa ngapi? Na huzuni ya nini, mbona hujasema?

Kimyakimya: Jioni, na saa nane usiku namwamsha. Miezi saba sijaruka siku, naandika kwenye daftari. Huzuni sijui, kawa mkimya tu. Mpira nimemsimamisha moyo upumzike.

Fundi Saa: Unamwamsha mtoto saa nane umfunge mkanda halafu unashangaa moyo unakimbia??

Kimyakimya: Hamjui ninachoogopa. Bweni nimeshamtafutia, lina zahanati ndani, fomu nimejaza bado kusaini. Msinilaumu.

kachero_07: Wakuu hii chai. Nimepitia nyuzi zake, mwaka jana kaandika hana mtoto. Leo kijana wa 15 kashuka na mwavuli.

Bishoo Mstaafu: Naomba kikombe changu

Kimyakimya: Sio chai. Ni mtoto wa kaka yangu. Kaka alianguka sebuleni, moyo, miaka 41, na dogo ndo alikuwa naye peke yake, alimbonyeza kifua mpaka watu wanafika. Nikamchukua. Hatujawahi kuliongelea, nani aanze? Nikiingia na mashine ananyoosha mkono kabla sijasema, anaangalia ukuta. Juzi kaniuliza "baba mdogo, imeshafika ya baba?"

Mama Wawili: Jamani pole. Ya simu naifuta.

Nesi wa Zamu: Sasa hapo ndo umeuliza. Baba kafa ghafla na 41, mtoto aonwe na daktari wa moyo wiki hii, apimwe umeme wa moyo. Kumsimamisha mpira mpaka aonwe sio kosa, miezi saba bila kumpeleka ndo kosa. Ulichosoma kipo, hata Chama cha Moyo cha Marekani 2015 kiliiweka sonona ya vijana kwenye mambo yanayoongeza hatari ya mishipa kuziba mapema. Homoni za hofu zikikaa juu kila siku, usingizi unakatika, mazoezi yanakufa, wengine wanaangukia kwenye sigara, na hayo yanajijenga miaka na miaka. Ni hatari, sio hukumu. Huyo anahitaji mtu wa kumsikiliza, mshauri nasaha pia. Kapoteza baba, kapoteza timu, unataka akupoteze na wewe?

Mzee Kibiriti: Mimi nilifiwa na mama nikiwa na 14 nikaambiwa mwanaume halii. Presha nimeanza dawa na 38. Sisemi ndo sababu, sigara nimevuta sana. Ila hakuna aliyewahi kuniuliza nilianza kuvuta lini.

Kimyakimya: Lakini bweni kuna manesi, mi nashinda kazini, akianguka nani atamwona? Fomu sijaichana. Daktari nampigia asubuhi.

kachero_07: Bado siamini mia kwa mia. Kama kweli, pole.

Kimyakimya: Leo sijamwamsha. Saa nane hii kaja mwenyewe mlangoni kashika mashine, anauliza mbona hujaja. Nimjibu nini?

kachero_07: Mtoto kasimama mlangoni na wewe unatuandikia sisi? Zima simu.