Maoni ya karakana yarudi vipi kwenye modeli ya jengo?

Mratibu wa Modeli ameuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Ninaratibu modeli za kidijitali za majengo katika ofisi ya usanifu na uhandisi, na kwa kawaida kazi yetu huishia pale tunapokabidhi modeli na michoro kwa karakana zinazotengeneza fremu za chuma, mabomba na mifereji ya hewa. Kinachonisumbua ni kwamba karakana hurekebisha mambo mengi kimyakimya kabla ya kukata bamba la kwanza, na marekebisho hayo hubaki kwenye faili za mashine au kwenye mchoro uliochorwachorwa kwa kalamu, huku modeli yetu ikibaki kama ilivyokuwa. Mradi unaofuata tunachukua kiungo kilekile kutoka kwenye maktaba yetu ya vipengele, na karakana inalazimika kukirekebisha upya.

Tunafanya mikutano ya kutafuta migongano kila mara, lakini programu hutuonyesha tu mahali ambapo vitu viwili vimeingiliana. Haitwambii kama kitu chenyewe kinatengenezeka. Naomba wenye uzoefu mnieleze ni maoni gani ya karakana yanayostahili kuingizwa kwenye modeli, yafike kwa njia gani, na nani awe na kauli ya mwisho juu yake.

Mchoraji wa Karakana amejibu:

Ndugu Mratibu, mimi ndiye ninayepokea modeli za watu kama wewe na kuzigeuza kuwa michoro ya utengenezaji wa chuma, kwa hiyo nitaanza na yale ninayokutana nayo mezani.

La kwanza ni nafasi ya mkono na chombo. Chukua boriti inayoingia katikati ya flenji mbili za nguzo, yaani mabapa yake mawili ya pembeni, ikafungwa kwa boliti za M20, zenye kipenyo cha milimita 20. Kwenye modeli kila kitu kinakaa vizuri: matundu yana milimita 22 kama viwango vya Ulaya vinavyotaka kwa boliti hiyo, na hakuna mgongano hata mmoja. Lakini boliti ya pembeni iko karibu mno na flenji kiasi kwamba spana haiwezi kuzunguka, na wakati mwingine boliti yenyewe haiwezi hata kuchomekwa kwa sababu urefu wake unazidi nafasi iliyopo mbele ya tundu. Programu haikuona tatizo kwa kuwa spana haimo ndani ya modeli. Ndivyo ilivyo pia kwa uchomeleaji: mshono umechorwa ndani kabisa ya kona, ilhali fundi anahitaji kuingiza kishikio chake kwa mwinamo unaofaa na kuona anachokichomelea.

La pili watu wengi hulisahau. Vipande vinavyozamishwa kwenye zinki iliyoyeyuka, yenye joto la takriban nyuzi 450 za Selsiasi, haviwezi kupelekwa vikiwa vimezibwa pande zote. Bomba la mraba lililochomelewa mabamba kwenye ncha zote mbili hufungia hewa na unyevu ndani, na likizamishwa hivyo linaweza kupasuka na kuwadhuru wafanyakazi. Ni lazima litobolewe matundu ya kupitishia hewa na ya kuingizia na kutolea zinki. Modeli nyingi hazina matundu hayo, kwa hiyo karakana huyatoboa inapoona panafaa, na pale inapoona panafaa huenda ndipo palipobeba mzigo mkubwa kuliko pengine pote. Matundu hayo yanapaswa kuwamo kwenye modeli tangu mwanzo.

Kuhusu njia ya kuyafikisha, barua pepe zinapotea. Tunachofanya sisi ni kutumia faili za BCF, muundo wa faili wa kubadilishana maoni kati ya programu za modeli, ambazo hazibebi modeli nzima bali hubeba maoni, picha ya mahali penyewe na utambulisho wa kipande kama ulivyo katika faili la IFC, yaani faili la modeli linalosomeka na programu tofauti. Mpokeaji akibofya, programu yake inampeleka moja kwa moja kwenye kiungo kinachozungumziwa. Sharti lake ni moja: utambulisho wa vipande usibadilike kila mnapotoa toleo jipya, kwa sababu mkifuta boriti na kuichora upya badala ya kuihariri, maoni yetu yote yanabaki yakining'inia bila mwenyewe.

Mhandisi wa Miundo amejibu:

Nakubaliana na mchangiaji aliyetangulia, ila ninaongeza tahadhari, maana nimeona ofisi zikigeuza kila ombi la karakana kuwa kanuni. Ni muhimu kutenganisha mipaka ya aina mbili. Upo mpaka unaotokana na maumbile ya kitu chenyewe, ambao hautabadilika hata mkihamia karakana nyingine. Na upo unaotokana na mashine au akiba ya chuma ya karakana fulani.

Nondo ni mfano mzuri wa aina ya kwanza. Kwenye modeli nondo ya milimita 25 huchorwa kama mche laini wenye kipenyo hichohicho, wakati nondo halisi ina mbavu zinazofanya upana wake wa nje ukaribie milimita 28 au zaidi. Vilevile modeli huikunja kwa kona kali, ilhali kanuni za Eurocode 2, yaani viwango vya Ulaya vya miundo ya zege, zinataka nondo izungushwe kwenye kigogo chenye kipenyo kisichopungua mara nne ya kipenyo cha nondo hadi milimita 16, na mara saba kwa zilizo nene zaidi. Kwa nondo ya 25 hiyo ni milimita 175. Mahali ambapo boriti mbili zinakutana juu ya nguzo moja, na nondo za pande zote zinagombania nafasi, tofauti hizo zikijumlishwa ndizo zinazofanya modeli iliyopendeza kwenye skrini ishindikane kufumwa. Jambo la namna hii liingie kwenye maktaba na libaki humo.

Kinyume chake, karakana ikiomba bamba la milimita 12 badala ya 10 kwa sababu ndilo lililopo stoo, hilo ni la mradi huo tu. Liandikwe kwenye modeli ya mradi, lisiguse maktaba.

Kuhusu kauli ya mwisho, sioni mjadala. Boliti ikisogezwa kumpisha fundi na spana yake, mzigo nao husogea kutoka mhimili wake, na mshono wa kuchomelea unaweza kuhitaji kuongezwa. Karakana ipendekeze, mratibu aingize, lakini mhandisi aliyekokotoa kiungo ndiye aidhinishe, na idhini hiyo iambatanishwe na kipande kilekile.

Msimamizi wa Karakana ya Mifereji ya Hewa amejibu:

Kwa upande wetu, kubwa ni vitu visivyochorwa. Mifereji miwili ikiachiwa mwanya wa milimita 50 kwenye modeli inaonekana kuwa na nafasi ya kutosha, lakini kila mmoja ukifungwa kizuia-joto cha milimita 25 mwanya umekwisha, na bado flenji za kuungia hazijahesabiwa, wala mkono wa kukaza boliti zake.

Lakini msituingilie kwenye ukunjaji. Bati likikunjwa huvutika upande wa nje na kubanwa upande wa ndani, na urefu wake kabla ya kukunjwa hutegemea unene wake, aina yake na mashine inayolikunja. Sisi huupata kwa kukunja kipande cha majaribio na kukipima. Mkiuingiza kwenye modeli ya usanifu mtakuwa na tarakimu sahihi kwa mashine moja na potofu kwa nyingine zote. Tupeni vipimo vya umbo lililokamilika.

Mratibu wa Modeli amejibu:

Nawashukuru sana. Limebaki moja: mara nyingi tunachora kabla karakana haijapatikana, kwa sababu zabuni bado haijatangazwa. Hapo maoni yatatoka wapi?

Mchoraji wa Karakana amejibu:

Yatatoka kwenye miradi iliyopita, na ndiyo maana utenganisho alioueleza mhandisi una faida. Pitia maoni ya zamani, uangalie ni lipi limeulizwa na karakana zaidi ya moja. Hilo ndilo la kuanza nalo.

Kisha usiliandike kama maelezo ya pembeni, kwani hayasomwi. Ndani ya kipengele cha maktaba, weka umbo lisiloonekana linalowakilisha nafasi ya spana mbele ya kila boliti, nafasi ya kishikio cha kuchomelea, na unene wa kizuia-joto. Programu yako ya migongano, ambayo ulisema haioni kama kitu kinatengenezeka, itaanza kulalamika bomba linapopita mahali fundi anapopaswa kusimama. Maumbo hayo yape tabaka lake na uyaondoe kwenye hesabu ya vifaa, la sivyo mkadiriaji atayapima kwa uzito wa chuma, kilo 7,850 kwa mita moja ya ujazo, na kuagiza chuma cha kujazia hewa.